Ndiva Haichimbwi na Mtu Mmoja

Mwaka 1798 kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza, Thomas Malthus, aliandika kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Mwaka 1965 mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alisema vingine: watu wanapoongezeka, hulazimika kubuni njia mpya za kulima. Sisi wa Upare tunaweza kuwapima wote wawili bila kutoka nyumbani, maana tuna ndiva.

Milima yetu hupata mvua, lakini tambarare ya Same ni kame. Vijito ni vidogo. Maji yakitiririka kidogo kidogo hunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa hiyo wazee wetu walijenga mabwawa ya udongo na mawe. Usiku kucha maji hukusanyika ndani ya ndiva. Asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa nguvu mferejini, kila shamba kwa zamu yake.

Kaya moja haiwezi kazi hiyo. Watu waliitana kwenye msaragambo, wakachimba na kuzoa tope pamoja. Vivyo hivyo kule Ugweno, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Mhunzi hawezi kushinda kwenye tanuru kama hana majirani wa kutosha watakaochukua majembe yake na kumpa chakula. Watu wakiwa wachache mno, wote hulima. Wakitosha, mmoja hupata nafasi ya kuwa fundi.

Je, wingi ni baraka tupu? La. Shamba la baba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na kijito ni kilekile. Wa juu akichukua maji zaidi, wa chini anakosa. Ndiyo maana waliweka zamu na wasimamizi wa maji. Pasipo makubaliano hayo, hofu ya Malthus ingetimia milimani kwetu.

Sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya 210,000 katika Wilaya ya Same. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 300,000. Tumeongezeka. Lakini huko kwetu, siku ya msaragambo, mikono ni michache, kwa sababu wengi tuko Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma fedha badala ya kwenda na jembe, nikajiona nimemaliza wajibu. Fedha ilipokelewa kwa shukrani, ila tope lilibaki likingoja mtu.

Ndugu zangu, someni Nehemia. Sura ya tatu inawataja wajenzi wa ukuta kwa majina, wengine wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Na sura ya saba inasema mji ulikuwa mpana, na watu ndani yake wachache! Hawakungoja kuwa wengi. Kila mmoja alijua sehemu yake.

Basi tunapopanga kazi usharikani, tusihesabu ahadi za fedha peke yake. Tuandike pia majina ya watakaofika, na saa watakayofika. Nami niandikeni humo.