Plake ya motokari nayo ni shahidi

Parokia inapofanya yubile hukusanya vitabu vya ubatizo, picha, na maneno ya wazee. Ni wachache wanaokumbuka kuziuliza motokari za zamani zilizolala nyuma ya magazini. Hizo nazo zina ushuhuda, na ushuhuda huo unasomeka.

Tutwae Land Rover, iliyozaliwa Uingereza mwaka wa 1948. Ile ya Series IIA, iliyotengenezwa toka 1961 hata 1971, ina plake yenye tarakimu tatu, kisha tano, na mwisho herufi moja. Tarakimu tatu za kwanza zaeleza aina yake. 244 ni motokari fupi ya esanse, volani kushoto, kwa nchi za nje. 254 ni ile ndefu. 242 ni fupi, lakini volani yake ipo kuume. 245 haikuungwa fabrikani Solihull: vipande vilisafirishwa, vikaunganishwa penginepo. Basi 242 ikionekana kwetu, tunaopita kuume, tuelewe kwamba ilikusudiwa nchi inayopita kushoto, kama vile Zambia. Herufi ya mwisho yaonyesha badiliko la ufundi; ndiyo fundi huiuliza kwanza anapotafuta vipuri.

Hapo mabishano mengi hukatwa. Jimbo la Kamina lilisimikwa tarehe 10 Novemba 1959. Mtu akiapa kwamba motokari ya 244 ilibeba wageni mwaka ule, plake inamkatalia: ilikuwa haijatengenezwa bado. Lakini plake nayo huweza kung'olewa na kupigiliwa motokari nyingine! Kwa hiyo tuilinganishe na numero iliyochongwa juu ya shasi, mbele, penye springi ya kuume. Numero ya motere haitoshi, kwani motere hubadilishwa mara nyingi.

Numero hizo mbili zikipatana, kuna msaada Uingereza: makumbusho ya Gaydon yamehifadhi vitabu vya fabrika, na kutoka humo hutolewa cheti chenye kutaja siku motokari ilipomalizika, rangi yake ya kwanza, na mahali ilipopelekwa.

Sasa neno la haraka. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, nao wayeyushaji wa masufuria wanaitafuta. Siwalaumu, watu lazima wapike. Lakini kabla ya kuuza, katekista au mwanafunzi mmoja aende na kitambaa chenye mafuta, apanguse vumbi, aandike numero zote mbili, na karatasi hiyo aiweke ndani ya kitabu cha habari za misioni.