Moto Juu ya Maji: Uvuvi wa Usiku Magharibi mwa Ufipa

Dagaa na migebuka wanaoliwa Majengo, hapa Sumbawanga mjini, wamepandishwa mlima wa zaidi ya mita 1,000 kabla ya kuingia kikaangoni. Mji uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773. Huko chini, Kasanga, Kipili na Kirando, kazi ya kuwavua huanza jua likizama. Wengi hudhani uvuvi huu wa taa ulikuja na karabai. Sivyo, na inafaa tuliweke jambo hili sawa.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, wavuvi wa ziwa hili walikuwa wakivua usiku kwa moto tangu zamani. Kuni ziliwashwa mbele ya mtumbwi, dagaa wakakusanyika kwenye mwanga, na mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mpini mrefu. Nyuma ya tendo hilo kuna elimu. Mchana dagaa hushinda kwenye kina. Giza likiingia hupanda wakifuata viumbe vidogo ambavyo ni chakula chao, na migebuka hupanda wakiwafuata dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga hutapakaa ziwa zima na moto wa mvuvi hauwavuti tena. Ndiyo maana hadi leo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala ufukweni, wavuvi wakishona nyavu na kungoja giza.

Kiangazi nacho kina mchango wake. Kuanzia Mei upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, jirani na Kasanga, maji baridi yenye rutuba huibuka kutoka chini na kustawisha viumbe vidogo ambavyo ni chakula cha dagaa.

Migebuka huvuliwa pia kwa mshipi, na hapo ndipo ninapouona ufundi mkubwa kuliko wote. Uzi mmoja hubeba ndoano kadhaa, kila moja imevishwa manyoya ya kuku. Unyoya hulazwa kando ya ndoano, uzi ukazungushwa na kukazwa, ncha ikaachwa huru ili icheze majini. Chambo cha nyama hakihitajiki. Mvuvi hupandisha na kushusha mshipi chini ya taa, na mgebuka huurukia unyoya akidhani ni dagaa.

Ufundi wa namna hiyo ndio Waingereza waliokuja nao kwa ajili ya trauti. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki hao kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya; baadaye wakafikishwa kwenye mito ya nyanda za juu za Tanganyika, Mbeya ikiwemo. Mafundi wa Kenya bado wanafunga ndoano za manyoya kwa ajili ya wavuvi wa ng'ambo. Ndoano ya trauti imeandikiwa vitabu vingi. Ya mgebuka haijapewa heshima hiyo, ingawa imelisha watu wengi zaidi.

Miaka ya 1950 mambo yalibadilika haraka. Karabai ilichukua nafasi ya kuni, wavuvi Wagiriki wa Burundi wakaleta nyavu kubwa za kuzingira, na mitumbwi miwili ikaanza kuunganishwa ili kuinua wavu mpana uliotandazwa chini ya taa. Mwaka 1967 na 1968 dagaa wa Tanganyika walisafirishwa wakiwa hai hadi ziwa Kariba, wakastawi. Huko wanaitwa kapenta.

Kisha ziwa Tanganyika likaanza kuchoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza uzalishaji wa chakula ziwani kwa takriban asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki huenda yameshuka kwa asilimia 30. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Familia nyingi za mwambao ziliumia, lakini naona uamuzi ulikuwa sahihi.

Ombi langu ni kwa wenye wazee Kirando, Kipili au Kasanga. Kama nyumbani kuna lusenga kuukuu au mshipi wa manyoya, usitupwe. Piga picha, muulize mzee ulitengenezwaje, andika jina la aliyeutengeneza, kisha upeleke maelezo hayo kwenye shule iliyo karibu.