Kutoka Rosa Mistika hadi Mzingile: Morogoro na Umaarufu wa Kudumu wa Euphrase Kezilahabi

Historia ya riwaya ya Kiswahili imezoea kuugawa uandishi wa Euphrase Kezilahabi (1944–2020) katika vipindi viwili. Cha kwanza ni cha uhalisia, chenye Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Cha pili ni cha majaribio, chenye Nagona (1990) na Mzingile (1991). Mgawanyo huu una manufaa darasani, ila kwa kuuzingatia peke yake, umaarufu wa mtunzi huhesabiwa kuwa ni tunda la kipindi cha pili, na riwaya ya kwanza huonekana kama mazoezi ya kijana. Makala haya yanadai kinyume: swali lililoipa Nagona sura yake, yaani nani ana haki ya kuhukumu, lilikwisha kuulizwa mwaka 1971, na sehemu ya Rosa Mistika inayohusu Morogoro ndiyo inayolidhihirisha.

Rosa analelewa Ukerewe chini ya Zakaria, baba mlevi anayemchunga binti yake kwa fimbo. Anasoma sekondari Mwanza, kisha anakwenda Chuo cha Ualimu Morogoro. Kwa msafiri wa wakati ule, safari hiyo ilikuwa ya kuvuka ziwa na kushika reli kupitia Tabora na Dodoma. Kwa umbali huo, fimbo ya baba haimfikii tena. Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, katika nchi ya Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Hata hivyo, anayemtawala Rosa pale si baba wala mjomba, bali ni Thomas, mkuu wa chuo, ambaye anaingia naye katika uhusiano wa kimapenzi. Mlezi aliyekabidhiwa mamlaka na taifa anashiriki kosa ambalo jamii itamtwisha binti peke yake. Kwa hiyo Morogoro si kituo cha anguko la msichana tu. Ni mahali ambapo riwaya inaonyesha kwamba ubovu wa malezi hauishii nyumbani.

Kutokana na hoja hiyo, mwisho wa riwaya unaeleweka vizuri zaidi. Baada ya Rosa kujiua, kisa hakifungwi kwa mazishi: yeye na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu, na suala la lawama linahamia huko. Hapo uhalisia umekwisha kuvukwa. Msimulizi ameona kwamba hakuna baraza la duniani, la ukoo wala la serikali, linaloweza kulisikiliza shauri hilo bila upendeleo. Ni jambo la kutafakarisha kwamba riwaya hii inayozihoji shule ilizuiwa isisomwe shuleni, kisha baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa.

Katika fasihi ya Kihispania kuna mfano wa kulinganishwa. Juan Rulfo wa Meksiko alijipatia jina la kudumu kwa vitabu vichache vyembamba. Katika Pedro Páramo (1955), mwana anayemtafuta baba yake anafika Comala, mji unaosikika sauti za wafu. Ulinganisho huu haudai kwamba mmoja alimwathiri mwingine. Unaonyesha tu kwamba watunzi wote wawili, walipotaka kulipima deni la baba kwa mtoto, waliona lugha ya walio hai haitoshi, wakawapa wafu nafasi ya kusema.

Tukilisoma hivyo, badiliko la Nagona na Mzingile halina budi kuitwa mwendelezo. Kilichobadilika ni umbo: ploti imevunjwa, wakati umepindwa, mahali pamekuwa ndoto. Swali limebaki lile lile. Mtunzi wa mbinu mpya husifiwa kwa muda, hadi mbinu zake zinapozoeleka. Anayedumu ni yule ambaye swali lake bado halijajibiwa. Maadamu binti anaendelea kuhukumiwa huku baba na mkuu wa chuo wakisitiriwa, Rosa Mistika itakuwa na wasomaji, na kwa kupitia kwake wasomaji hao watapata njia ya kuingilia Mzingile.