Barabara Kuu ya Upare na Matawi Yake

Ndugu mwanachama, ukisimama Same mjini asubuhi, ukaitazama lami inavyokwenda kusini kuelekea Mombo na kaskazini kuelekea Himo, waweza kudhani kwamba njia kuu ilikuwa hapo tangu asili, na kwamba Kisiwani, Gonja na Ndungu zimekuwa nyuma ya mlima siku zote. Sivyo. Ulikuwako wakati ambapo upande ule wa mashariki ulikuwa mlango mkubwa wa Upare. Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tukumbushane jinsi mlango ule ulivyohamishwa, maana bei ya mazao yetu yaambatana na jambo hilo hata leo.

Njia za kwanza zilikuwa za miguu, nazo zilikatwa na biashara. Wahunzi wa Ugweno walifua chuma, na majembe yao yalivushwa nyika hata Uchaggani. Mtu wa mlimani aliteremka gulioni na ndizi, mtu wa nyikani akaja na mifugo. Hapakuwa na njia kuu wala tawi. Kila njia ilikuwa na heshima sawa na mguu ulioipita.

Katika karne ya 19 ikaja misafara kutoka Pangani na Tanga, ikitafuta pembe za ndovu na, kwa msiba wetu, watu. Mingine ilifuata bonde la mto Ruvu, ambao huko pwani huitwa Pangani. Lakini msafara wenye mamia ya wapagazi wahitaji maji na chakula kila siku, na vitu hivyo vilipatikana mashariki, mahali vijito vya milima yetu vinaposhukia mashamba. Ndiyo sababu Gonja na Kisiwani zikawa vituo vyenye sifa, na wakulima wa huko wakawauzia wasafiri chakula mlangoni pao.

Ndipo ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893; ikafika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Ilipita magharibi ya milima, katika uwanda mkavu, kwa Hedaru, Makanya, Same na Lembeni. Gari la moshi halinunui mahindi njiani kama mpagazi. Basi kilichokuwa fahari ya Gonja, yaani chakula na maji, hakikuwa tena sababu ya mtu kupita Gonja. Stesheni zikavuta maduka, maduka yakavuta ofisi, na Same ikawa mji.

Hata hivyo njia ya mashariki haikufa siku moja. Mwezi Mei 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipowafuatia Wajerumani kuelekea kusini, kikosi kikubwa kilishuka kwa upande wa reli na mto, na kikosi kingine kikapenya katika pengo la Ngulu, kikashika njia ya mashariki mpaka Gonja. Majemadari walijua kwamba Upare una milango miwili. Lakini amani iliporudi, biashara ilifuata reli. Na baada ya Uhuru lami nayo ikaifuata reli. Kutoka Mkumbara hadi Same kwa lami ni kilometa 96. Njia ya zamani ya Mkomazi, Kihurio, Ndungu, Gonja na Kisiwani hadi Same, ambayo urefu wake ni karibu kilometa 100, ikabaki kuwa barabara ya mkoa. Hivi ndivyo njia kuu ilivyogeuka tawi, ingawa haikusogea hata hatua moja.

Sasa tuyatazame matawi ya mlimani: Mwanga hadi Usangi na Ugweno, Makanya hadi Suji, Hedaru hadi Vunta, na ile itokayo Mwembe kupita Myamba hadi Ndungu. Kwa njia za miguu za milima hii maelfu ya wanaume waliteremka Same mwanzoni mwa mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru, wakakaa hapo wakidai haki yao, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Na katika kuzifanya njia za magari, msaragambo ulikuwa na sehemu yake kubwa. Mbiu ilipigwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, na asiyekwenda aliona haya mbele ya jirani zake. Njia kuu huamuliwa na watu walio mbali. Tawi ni kazi ya mikono yetu.

Jambo hili si hadithi ya wazee tu. Nilipokuwa karani wa chama cha msingi, msimu mmoja wa masika maji yaliikata njia yetu mahali pamoja tu, penye mfereji uliozibwa na majani. Magunia ya kahawa yakakaa ghalani majuma mawili, na mwenye tangawizi akaiuza kwa mlanguzi kwa bei ambayo naona haya kuiandika. Walipolalamika, wengi waliitaja Serikali. Lakini mfereji ule twaupita sote kila Jumapili, nami nikiwamo, na hakuna aliyeinama. Tusisahau pia mwaka 2009, mvua ilipoporomosha mlima huko Goha, Mamba Myamba, ikaua zaidi ya watu 20. Maji yasiyoongozwa hayaharibu barabara peke yake.

Leo barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Ni haki yetu kuwapelekea habari mapema, kwa maandishi, tukitaja daraja au kona yenyewe, wala tusingoje mpaka lori limekwama. Hata hivyo hapana budi kila chama cha msingi kiteue siku mbili kwa mwaka, moja kabla ya vuli na moja kabla ya masika, wanachama wazibue mifereji ya njia yao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wazee wa Gonja hawakuulizwa reli ipite wapi. Sisi twaulizwa jambo dogo zaidi: je, gunia lifike Same, au lioze ghalani? Jibu la swali hilo haliko Dodoma. Liko katika majembe yaliyoegemezwa nyuma ya nyumba zetu.