SOKO LA KARIAKOO NA MZIGO WA MKULIMA

Ndugu wanachama,

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, yafaa tuitazame historia ya soko ambalo mazao ya wakulima wengi wa nchi hii huishia. Soko hilo ni Kariakoo, Dar es Salaam. Wengi twalijua kwa jina. Wachache twajua kwamba jina hilo ni la wachukuzi wa mizigo.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wamejenga mahali hapo ukumbi mkubwa kwa ajili ya sherehe, vita ikazuka. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya wachukuzi wao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Watu hao walitolewa vijijini, wengi kwa kulazimishwa, wakabeba vichwani chakula na risasi za jeshi. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Ujira wa wengi wao haukuwafikia warithi. Walibeba mzigo, kipimo wakashika wengine.

Mwaka 1923 ukumbi ule ukageuzwa soko. Wazaramo wa vijiji vya jirani wakaleta muhogo, nazi na mboga, na mitaa iliyolizunguka ikajaa watu wa kila kabila. Mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya, lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli. Paa lake lilikuwa kama miavuli mikubwa ya zege iliyokinga mvua na kuyakusanya maji yake, na chini ya ardhi palikuwa na ghala na biashara ya jumla. Tarehe 10 Julai 2021 jengo hilo liliungua, na Serikali ikaanza kazi ya kulikarabati na kujenga jingine kando yake.

Lakini soko si jengo tu. Hata baada ya moto, mitaa ya Kongo, Msimbazi na Swahili haikunyamaza. Alfajiri malori hushusha viazi, vitunguu na machungwa. Makuli hupita na mizigo mabegani wakiomba njia. Mikokoteni hupishana na bajaji. Kanga na vitenge huning'inia kama bendera za sikukuu. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, na mama lishe huchochea moto wake. Mgeni hufurahi kutazama.

Mkulima naye hutazama gunia lake. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli, lakini chema kisichopimwa huuzwa kwa bei ya kibaya. Sote twaijua lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Tuseme gunia la kilo 100 limejazwa mpaka kilo 130. Mkulima mwenye magunia kumi ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu ya jasho lake. Sheria inakataza jambo hili, lakini sheria haisimami shambani jioni, mnunuzi anapokuja na fedha mkononi na mkulima ana ada ya shule ya kulipa.

Hapo ndipo faida ya ushirika inapoonekana. Mtu mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huenda kwa jirani yake. Wote wakikataa, mnunuzi hana budi kukubali mizani. Hata hivyo yatupasa tukiri makosa yetu: wapo miongoni mwetu wanaouza usiku kando ya njia, kisha asubuhi hulalamikia bei mkutanoni. Nasi viongozi, mizani ya Chama isiposomwa mbele ya mwenye mzigo, tutakuwa tumeirudisha lumbesa kwa mlango wa nyuma.

Wale wachukuzi wa zamani hawakuwa na chama cha kuwasemea. Sisi tunacho. Basi katika miaka kumi ijayo, kila abebaye mzigo na auone mshale wa mizani kwa macho yake mwenyewe.

Wenu katika ushirika,
Katibu