Daladala, matatu, vocha, kredi: msamiati wa msafiri kati ya Tanzania na Kenya

Mtanzania anayevuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya, au Mkenya anayeelekea Arusha, hubeba lugha moja lakini hukuta msamiati mwingine. Tofauti hizo hujitokeza zaidi pale anapopanda gari na anapowasha simu.

Gari dogo la abiria huitwa daladala Tanzania na matatu Kenya. Asili ya majina yote mawili huhusishwa na nauli: dala lilikuwa jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, na matatu hutokana na sarafu tatu za senti kumi. Mpokea nauli ni konda Dar es Salaam, makanga Nairobi; kondakta hueleweka kote. Utingo si kisawe kamili, kwa kuwa hasa ni msaidizi wa dereva wa lori. Abiria wa Dar es Salaam hushuka kituoni, wa Nairobi hushuka steji. Bajaji ya Tanzania, iliyopata jina kwa kampuni ya Kihindi iitengenezayo, ni tuktuk kwa Wakenya. Bodaboda haina tatizo. Neno hilo lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, likaenea kote.

Penye fedha pana mtego. Makanga akidai mbao, hataki ubao: anataka shilingi ishirini, soo ni mia. Konda wa Tanzania naye husema jero kwa mia tano na buku kwa elfu moja. Maneno haya ni ya mtaani na hayafai katika maandishi rasmi, ila mgeni asiyeyajua hulipa kwa kubahatisha.

Saa za kuondoka zahitaji uangalifu zaidi. Nchi hizi mbili hufuata majira yaleyale, hivyo kosa haliwi la saa ya mkononi bali la usomaji. Tiketi iliyoandikwa 6:00 asubuhi husomwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayeisoma «saa sita» atafika stendi adhuhuri, basi likiwa limekwishapita miji kadhaa. Ni salama kumuuliza mkata tiketi saa kwa Kiswahili, pamoja na neno alfajiri, asubuhi au mchana.

Kwenye simu, laini ni laini kote, na mgeni huisajili kwa pasipoti. Muda wa maongezi Mtanzania huuita vocha, hata pale ambapo hakuna kadi ya kukwangua. Mkenya husema kredi. Salio hueleweka pande zote. Kupiga na kukata kabla ya kupokewa ni kubipu Tanzania, kuflashi Kenya.

Hatari kubwa imo katika namba zenyewe. Namba nyingi za nchi zote mbili huanza na 07 na zina tarakimu kumi. Aliyehifadhi namba ya mama yake wa Moshi kwa mtindo huo, kisha akatia laini ya Kenya, anaweza kumpigia Mkenya asiyemjua kabisa, au hata kumtumia fedha. Sifuri ya mwanzo huondolewa na kutanguliwa na +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya. Tarakimu moja tu hutenganisha nchi hizo.

Neno la kushangaza zaidi ni fuliza. Katika Kiswahili sanifu, kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Tangu 2019 jina hilo lilipopewa huduma ya mkopo katika M-Pesa ya Kenya, kufuliza kumekuwa kukopa ili kukamilisha malipo salio linapopungua. Huduma ya namna hiyo kwa Vodacom ya Tanzania iliitwa Songesha, nalo likawa neno la mazungumzo. Kwa hiyo mwenyeji wa Nairobi akisema «nimefuliza», hajisifu kwa bidii. Anaeleza kwamba hana fedha.