Mjane ao bibi wa mtu? Historia ya ndoa ya pili mbele ya sheria ya Kongo

Bwana alitoka nyumbani siku ya mapigano, hakurudi tena. Miaka imepita, watoto wamekomalia kambini, na sasa mwanaume mwingine anataka kuleta mahari. Kwa majirani, mama huyo ni mjane. Kwa jamaa ya bwana, angali bibi yao. Na kwa Serikali? Swali hilo liko katika familia nyingi za wakimbizi wa ndani huku mashariki, na jibu lake limetoka mbali.

Zamani, ndoa ilijulikana kwa ushuhuda. Mahari ilitolewa mbele ya wazee wa pande mbili. Ndoa ikivunjika, wazee walikaa tena na kuamua kama mahari irudi ao isirudi. Bwana akifa, mahali pengi ndugu yake alimrithi mjane. Karatasi haikuwako, lakini kijiji chote kilijua nani ni bibi wa nani.

Ukoloni uligawa watu. Dekreti ya tarehe 4 Mei 1895 iliweka ndoa ya Serikali, lakini ilihusu Wazungu na Wakongo wachache walioandikishwa. Wengine wote waliachwa chini ya desturi. Kisha dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ikasema kwamba, kuanzia tarehe 1 Januari 1951, mtu asifunge ndoa mpya ya desturi kama ile ya kwanza haijavunjika. Bibi wa pili hakupotea kwa sababu hiyo. Alibaki bila jina mbele ya sheria, na mjini watu wakaja kumwita « deuxième bureau ».

Tarehe 1 Agosti 1987, wakati wa Mobutu, Zaire ilipata sheria moja ya jamaa kwa raia wote: Code de la famille. Sheria hiyo ilikubali ndoa iliyofungwa katika familia, lakini ikaomba iandikwe kwenye état civil. Ilitaka kila mmoja akubali ndoa kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo mjane hawezi kupewa shemeji yake bila kuulizwa. Na ilisema talaka inatoka tribinalini tu. Kurudisha mbuzi na pesa kwa wakwe hakutoshi: mbele ya sheria, wawili hao wangali bwana na bibi.

Tena, hakuna ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha. Ndoa inaisha kwa kifo, kwa talaka, ao kwa ndoa mpya ya aliyebaki, ikiwa tribinali imekwisha kutamka kwamba mwenzake ametoweka. Hapo ndipo vita vya 1996 na 1998, na vyote vilivyofuata, vilifunga watu. Miaka ya kungojea peke yake haimfanyi mama kuwa mjane. Akiolewa bila hukumu, ndoa ya pili inaweza kufutwa, hata kama mahari imelipwa yote na watoto wamezaliwa.

Kwa mjane wa kweli pia, karatasi ina uzito. Sheria ya 1987 ilimpa haki ya kutumia nyumba aliyoishi na marehemu, lakini akiolewa tena haki hiyo inaisha. Wakwe wengi wanamfukuza mapema, kabla hata kilio hakijaisha, wakisema « ataolewa tu ». Sheria haiwaruhusu.

Mabadiliko ya tarehe 15 Julai 2016 yalimwondolea bibi lazima ya kuomba ruhusa ya bwana ili kufanya mambo ya sheria. Mama anaweza kwenda tribinalini mwenyewe, pamoja na mashahidi waliojua siku bwana alipotoweka. Wazee wapokee mahari ya pili baada ya hukumu hiyo, si kabla.